Mwongozo wa kumwandaa mfungwa anayekaribia kutoka gerezani

Mtu aliyeingia Gereza la Ukonga mwaka 2017, akitoka leo na kwao ni Mwanza, miguu itampeleka Ubungo. Ndiko alikozoea kupanda mabasi ya mikoani. Atafika, hataona basi, ataona haya kuuliza, atazunguka na nguo zake kwenye mfuko wa rambo (mifuko ambayo nayo ilipigwa marufuku Juni 2019) mpaka giza liingie. Mabasi yalihamia Mbezi Luis, Kituo cha Magufuli, tangu 2021. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu aliyekuwa na kazi ya kumwandaa alitumia muda wote kumweleza madhara ya uhalifu, mambo ambayo mfungwa anayajua kuliko yeyote.

Mwongozo huu ni kwa maafisa ustawi wa jamii, askari magereza wanaoshughulikia urekebishaji, masheikh, mapadri na wachungaji wanaoingia gerezani, na ndugu wa mfungwa. Unahusu wafungwa watu wazima wa Tanzania Bara. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinasema kwenye kanuni ya 107 kwamba maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu siku anapoanza kifungo. Kanuni ya 108 inataja anachotakiwa kuwa nacho akitoka: hati za utambulisho, mahali pa kuishi na kazi, nguo zinazofaa kwa hali ya hewa, na fedha za kumfikisha aendako na kumshikilia siku za mwanzo. Isome tena hiyo orodha. Nasaha hazimo. Nasi tunashikilia hivyo hivyo: karatasi, simu na nauli vitangulie, nasaha zifuate nyuma.

Hesabu tarehe kabla ya chochote

Usianze mpango wowote kwa tarehe uliyoambiwa na mfungwa mwenyewe, wala ile anayoijua mkewe. Nenda ofisi ya kumbukumbu ya gereza, soma waranti ya mahakama, uhesabu mwenyewe ukiwa na karatasi na kalamu.

Punguzo la kawaida la kifungo ni theluthi moja, chini ya kifungu cha 49(1) cha Sheria ya Magereza, Sura ya 58, kwa mwenye bidii na tabia njema. Chukua kifungo cha miaka 6 kilichoanza 10 Machi 2023. Miaka 6 ni miezi 72. Theluthi yake ni miezi 24. Anabaki na miezi 48, kwa hiyo anatoka mwanzoni mwa Machi 2027. Rahisi, ila kuna mambo mawili yanayoharibu hesabu mara kwa mara. La kwanza ni vifungo viwili. Miaka 3 na miaka 2 vikienda pamoja, anahesabiwa miaka 3 na anatoka baada ya miezi 24. Vikifuatana, ni miaka 5, yaani miezi 60, na anatoka baada ya miezi 40. Neno moja kwenye hukumu limeleta tofauti ya miezi 16, kwa hiyo kama waranti haisemi wazi, itafutwe nakala ya hukumu. La pili ni siku za punguzo alizonyang'anywa kwa makosa ya nidhamu. Mfungwa huwa hazitaji, na ndugu wanafika langoni na gari la kukodi, mtu wao hatoki.

Ukiwa na hiyo nakala ya hukumu mkononi, angalia pia kama kuna amri ya fidia. Wapo wanaoamini kwamba kukaa jela kumefuta kila kitu, halafu wanashangaa kudaiwa wakiwa uraiani.

Kisha kuna msamaha wa Rais, chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ambao mara nyingi hutangazwa Sikukuu ya Muungano, 26 Aprili, au Siku ya Uhuru, 9 Desemba. Makosa kadhaa huachwa nje ya msamaha, kama dawa za kulevya na ubakaji. Kwa mpangaji, ugumu wa msamaha ni kwamba unamtoa mtu ghafla. Aliyedhani ana miezi mitano mbele anaambiwa akusanye vitu vyake. Dawa yake ni kuwa na faili fupi la kila mfungwa aliyebakiza chini ya mwaka mmoja: namba ya simu ya ndugu wawili, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), dawa anazotumia, na nauli ya kwao ni kiasi gani. Ukurasa mmoja unatosha. Anayetumikia kifungo cha miaka minne au zaidi na ameshamaliza theluthi anaweza kufikiriwa na Bodi ya Parole (inayoweza kumruhusu amalizie kifungo nje kwa masharti), isipokuwa kwa makosa yaliyozuiwa na sheria. Huyo mwandalie mapema zaidi, kwa sababu bodi inataka kujua jamii itampokeaje, na jibu hilo halipatikani kwa wiki moja.

Kwa kifungo kirefu, anza kazi miezi sita kabla. Kwa kifungo cha miezi sita, ambacho kwa punguzo ni miezi minne, anza wiki anayoingia.

Karatasi

Namba ya NIDA ndiyo ufunguo wa mengine yote. Bila hiyo hasajili laini ya simu, hafungui akaunti ya benki. Namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wengi hawaikumbuki, lakini mara nyingi iko nyumbani, kwenye fomu ya zamani au kwenye simu ya dada yake. Ulizia huko kwanza. Kama hakuwahi kujisajili, kusanyeni cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kumaliza shule au kadi ya mpiga kura, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Hiyo barua ndiyo inayokwamisha. Mwenyekiti anaandika barua kwa mtu anayemfahamu, na mtu wetu huenda ameondoka kijijini miaka tisa iliyopita. Serikali za mitaa zilifanya uchaguzi Novemba 2024, na mwenyekiti aliyecheza naye mpira huenda si mwenyekiti tena. Mjumbe wa zamani na ndugu mmoja waende pamoja ofisini wakamtambulishe kabla hajafika.

Tazama majina. Polisi waliandika walivyosikia, mahakama ikanakili, gereza likapokea. Hamisi Juma wa waranti anaweza kuwa Juma Hamis wa cheti cha kuzaliwa. Ndani ya gereza haisumbui, nje anaonekana mtu wa kugushi. Hati ya kiapo cha majina ipatikane angali ndani, wakati kuna afisa wa kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule.

Laini yake ya zamani ihesabu imekwenda. Laini isipotumika miezi kadhaa hufungwa, na tangu Januari 2020 zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilizimwa. La kuangalia zaidi ni laini zilizobaki hai kwa jina lake. Akishapata simu, siku ile ile apige *106# aone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende duka la kampuni husika ikafutwe. Zile jumbe za kitapeli za "ile hela itume kwenye namba hii" hutumwa na laini za namna hiyo, na mwenye historia ya jela haitakuwa rahisi kwake kujieleza polisi.

Mwezi mmoja kabla ya kutoka, fungueni mali alizoingia nazo na kuzilinganisha na daftari. Mara nyingi mtakuta suruali isiyomfikia kiunoni, viatu vilivyokauka soli zikaachia, simu ambayo chaji yake haiuzwi tena. Ni afadhali kuliona hilo mwezi mmoja kabla kuliko asubuhi ya kutoka, maana mtu akitoka na nguo za msaada zisizomtosha kila abiria kwenye daladala anajua ametoka wapi.

Na kuhusu ndoa, ongeeni mapema na wazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakubali kifungo cha miaka isiyopungua mitano kuwa sehemu ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mke au mume anaweza kuwa ameshapewa talaka mahakamani, au hakwenda mahakamani kabisa na amehamia kwingine. Mtu asilisikie hilo kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mlangoni na mfuko.

Nani anampokea

Hapa ndipo kazi inapochukua muda. Ndugu ukiwapigia simu, jibu la kwanza ni moja nchi nzima: "Aje tu, hapa ni kwao." Usiliandike kwenye faili. Hilo ni jibu la adabu, halijawa mpango bado. Endelea kuuliza taratibu, kwa heshima, mpaka ufike kwenye kitanda. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Mama, Hamisi akija mwezi wa tatu, atalala chumba kipi?"
"Ah, si kile chake cha uani."
"Sasa hivi analala nani mle?"
"Mle yupo mdogo wake na mkewe. Na mtoto."
"Basi Hamisi atakuwa wapi?"
"Labda sebuleni kwanza."
"Mpaka lini, mama?"

Hapo kimya kinaingia. Kimya hicho ndicho ulichokuwa ukikitafuta, kwa kuwa sasa mnaweza kupanga: mwezi mmoja sebuleni, halafu kwa mjomba, au kupanga chumba. Uliza pia nani anategemewa kwa chakula nyumbani, nani hataki arudi, na shamba au kiwanja chake kinatumiwa na nani. Suala la shamba lililolimwa na kaka kwa miaka minane huwa bomu. Likizungumzwa na wazee miezi mitatu kabla, linaweza kuishia kwa kugawana msimu. Likisubiri atoke, linaishia baraza la ardhi la kata, au kwa panga.

Mtendaji wa kijiji au mtaa aambiwe, na balozi wa nyumba kumi pia. Waambie anatoka lini, atakaa kwa nani, na nani wa kupigiwa simu kukiwa na tatizo. Kosa lake lisisomwe kwenye mkutano wa hadhara. Tumeona mikutano ya "kumkaribisha ndugu yetu" inayogeuka kesi ya pili.

Aliyekosewa naye yupo, mara nyingi nyumba ya nne tu. Usimpeleke mfungwa kuomba radhi bila upande wa pili kuridhia, hata kama padri au sheikh ana hamu ya kuona watu wakishikana mikono. Mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili aende peke yake kwanza, aulize mambo matatu: wana habari kwamba anatoka, wana hofu gani, na wanataka nini. Jibu likiwa "tusimuone", mpango uheshimu hilo: njia nyingine ya kwenda kisimani, msikiti mwingine, kituo kingine cha bodaboda. Kwa kesi za kuua, uliza bila kuzunguka kama kuna anayesubiri kulipa kisasi. Akiwepo, mtu huyu asirudi hapo, hata kama mama yake analia. Atafutiwe ndugu mkoa mwingine. Na aliyefungwa kwa kumdhuru mtoto asipelekwe kwenye nyumba yenye watoto. Hilo halina mjadala wa ukoo, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajue anakokaa.

Kwa wanawake, swali la kupokewa hugeuka. Mara nyingi mume hayupo tena, watoto wako kwa mawifi au kwa bibi, na mwanamke mwenyewe anataka kwenda moja kwa moja kuwachukua siku ile ile. Mpango mzuri ni kumpatia kwanza mahali pa kulala na chanzo cha chakula, watoto wamtembelee, ndipo suala la kuhama liongelewe mbele ya afisa ustawi. Mtoto wa miaka sita aliyelelewa na shangazi tangu ananyonya hamjui mama yake. Asilazimishwe kumkumbatia.

Dawa zisikatike

Anayetumia ARV atoke na kadi yake ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), barua ya uhamisho inayotaja kituo cha afya kilicho karibu na atakakoishi, na dawa za angalau siku 30. Jina la kituo liandikwe. "Aende kituo cha karibu" haitoshi, kwa sababu mtu mwenye aibu mbili kwa mpigo, ya jela na ya ugonjwa, haulizi njia. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita. Akitoka mwezi wa tatu wa matibabu na kuacha kwa kuwa amepata nafuu, anaweza kupata kifua kikuu sugu na kukiambukiza chumba kizima anachokaribishwa. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla huleta degedege mfululizo, na hilo linaweza kuua. Wenye dawa za akili vilevile: ndugu mmoja ajulishwe jina la dawa, saa ya kumeza, na dalili za kuanza kuzidiwa.

Aliyewahi kutumia unga (heroini) aambiwe jambo moja, kwa maneno haya haya: kile kiasi ulichokuwa ukitumia zamani sasa kitakuua. Mwili umekaa bila unga na umepoteza uzoefu wake, na wiki mbili za kwanza ndizo hatari kuliko zote. Ni bora aonekane umemkosea heshima kuliko azikwe. Kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna kliniki za methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, Muhimbili (tangu 2011), Mwananyamala na Temeke. Kama anaishi mkoani, ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa kabla hajatoka. Anayekwenda kliniki apelekwe na mtu siku ya kwanza, asubuhi, maana anayekwenda peke yake hupita kijiweni kwanza.

Riziki

Ajira ya kuandikiwa barua ni ngumu. Waajiri wengi wanataka hati ya polisi ya tabia njema, inayotolewa kwa alama za vidole. Kwa hiyo kwa wengi mpango wa kweli ni ufundi, biashara ndogo au shamba.

Kwa ufundi, wapo waliojifunza ndani: useremala, ushonaji, viatu Karanga mjini Moshi, ufundi wa aina mbalimbali katika chuo cha magereza cha Ruanda, Mbeya. Ujuzi bila cheti unalipwa kidogo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, inapima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na upimaji huo ufanyike kabla hajatoka pale inapowezekana. Hakikisha cheti kinataja fani na daraja, kisitaje gereza. Cheti chenye jina la gereza hubaki kwenye kabati.

Ukiwa na fedha za kumsaidia, nunua vifaa, usimpe taslimu. Mtaji wa taslimu haumalizi wiki: kuna deni la kaka, ada ya mpwa, msiba wa jirani, na mtu aliyetoka jela hana ubavu wa kusema hapana kwa ndugu waliomlisha. Mwashi aanze na mwiko, timazi, pima maji, futi, kamba na karai. Fundi viatu: nyundo, kisu, sindano, uzi, gundi na brashi. Seremala anaweza kuanza na msumeno, randa, patasi mbili, nyundo na futi, mbao zikiwa za mteja. Vifaa vitolewe kwa awamu mbili: vya mkono siku ya kwanza, vya bei kubwa kama cherehani au mashine ya kuchomelea baada ya miezi mitatu ya kuonekana kazini. Na katika miezi hiyo afanye kazi chini ya fundi mwenye jina, awe saidia fundi wa kulipwa kwa siku. Wateja wanamwamini fundi, kisha wanamwamini msaidizi wake, na bei za sasa anazijua hapo hapo. Aliyefungua kibanda chake wiki ya kwanza hutoza bei za mwaka aliofungwa.

Kwa mkulima, angalia kalenda ya mvua kabla ya kuandika "atalima". Mikoa ya msimu mmoja, kama Dodoma, Mbeya na Ruvuma, mvua huanza karibu Novemba na kuisha Aprili. Anayetoka Februari amekuta watu wanapalilia: hana mbegu ardhini, na hiyo ndiyo miezi ya njaa vijijini, ghala za ndugu ziko tupu. Huyu anahitaji chakula au vibarua vya palizi mpaka mavuno ya Mei na Juni, na shamba lake ni la mwaka ujao. Anayetoka Agosti ana muda wa kusafisha na kutafuta mbegu. Ukanda wa pwani na kaskazini kuna vuli na masika, nafasi ni mbili. Wanaoiba wiki ya tano baada ya kutoka si lazima wawe wakorofi. Baadhi yao walipangiwa kilimo mwezi wa palizi.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa kawaida hutolewa kwa vikundi na inataka kikundi kinachofahamika. Mwambie ipo, usimwahidi. Afadhali aanze na VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) ya mtaani akiaminika. Lakini mkataze kabisa kausha damu, ile mikopo ya simu na ya mtaani ya riba ya kila siku. Mtu mwenye haraka ya kuonekana ametoka ndiye mteja wao.

Mazoezi

Miezi miwili ya mwisho, saa moja kwa wiki inatosha. Leteni simu ya kupangusa, hata moja kwa watu sita: kuwasha, kupiga, kusoma ujumbe wa muamala, kutofautisha ujumbe wa kampuni na wa tapeli. Wafanye muamala wa mfano mpaka kila mmoja ajue kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, akiwemo anayejiita wakala. Andikeni kwenye karatasi bei za leo za unga, sukari, mkaa, vocha, daladala na bodaboda za eneo analokwenda, zipatikane kwa kumpigia ndugu aliye huko. Bei za gazeti hazimsaidii.

Afanye pia zoezi la jibu. Ataulizwa kila siku, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Awe na jibu moja fupi la kweli analoweza kulirudia bila kutetemeka: "Nilikuwa na kesi, nikafungwa, nimemaliza. Sasa natafuta kazi." Alitamke kwa sauti, mara kumi, mwenzake akimuuliza kwa dharau. Wanaotunga hadithi ya Afrika Kusini hukamatwa na swali la pili.

Siku ya kutoka

Asitolewe jioni, wala Ijumaa mchana anayekwenda mbali, ofisi zinafungwa na mtu analala stendi. Kama tarehe imeangukia vibaya, ndugu wajue wiki mbili kabla. Mfukoni na mkononi awe na:

– karatasi ya kuachiwa yenye muhuri, na nakala yake mbili (moja akiitupa kwa hasira, nyingine ipo kwa ndugu);
– namba ya NIDA na namba tatu za simu, zimeandikwa kwa kalamu, si kwenye simu;
– nauli yote mpaka mlangoni, ikiwemo bodaboda ya mwisho, pamoja na chakula cha safari;
– dawa na barua ya kituo cha afya;
– njia imeandikwa: anapanda wapi, anashuka wapi, nani anamsubiri.

Kwa mfano wa mwanzo, karatasi ingesema: toka Ukonga, panda gari la kukufikisha Mbezi Luis, ingia Kituo cha Magufuli, kata tiketi dirishani, usimkabidhi mpiga debe fedha, lala kwa binamu Kimara kama mabasi yameondoka. Ni mistari michache tu. Mtu anayempokea awe mmoja na aje langoni mwenyewe. Kundi la marafiki wa zamani na kreti ya bia lisijue tarehe. Huu si utani: tarehe ya kutoka ikisambaa mtaani, wa kwanza kufika ni wale alioiba nao.

Wiki za kwanza

Waandae wenyeji kwa mambo ambayo hakuna anayewaambia. Atakula haraka, kichwa chini, mkono umezunguka sahani. Atasimama mbele ya mlango uliofungwa akisubiri ufunguliwe, ingawa hauna kufuli. Ataomba ruhusa ya kwenda chooni. Usiku hatalala, kwa sababu selo haizimwi taa na haina ukimya, na giza la kijijini litamtisha. Aachiwe taa ndogo. Asipewe pilau na nyama nyingi siku ya kwanza, tumbo lililozoea ugali na maharage litamsumbua. Watoto wasiambiwe "mjomba alikuwa safari" huku jirani zao wakijua ukweli. Na apewe kitu kidogo cha kuamua kila siku, kama kuchagua mboga au saa ya kuoga. Mtu aliyeamuliwa kila kitu kwa miaka minane hushindwa kuchagua shati, halafu hukasirika, na mwenyeji hudhani ni jeuri.

Anayemfuatilia apige simu siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14, ya 30 na ya 90. Siku ya kwanza ni kujua kama amefika. Siku ya tatu sherehe zimekwisha na watu wamerudi kazini, ndipo anabaki peke yake uani. Siku ya saba uliza kama ameshaonana na mtendaji, na laini imesajiliwa. Siku ya 14 ongea na mwenyeji peke yake kwanza, kisha naye. Uliza kuhusu dawa kwa kuhesabu: "Vimebaki vidonge vingapi?" Ukiuliza "unameza?" kila mtu anasema ndiyo. Siku ya 30 rudieni mazungumzo ya kitanda, kwa sababu ule mwezi mmoja wa sebuleni umekwisha. Akikosa simu mbili mfululizo, usisubiri ya tatu, mpigie balozi.